Siku Aliyorejea Ma Deok-chil

Pil-sun na kiti hawakupatana tangu utotoni. Alikula amesimama mlangoni, bakuli mkono mmoja, macho barabarani. Alilala kama mtu anayesubiri kuitwa. Posa zilimjia mara tatu, na zote alizivunja mwenyewe, ya mwisho nguo za harusi zikiwa zimeshashonwa. Alisema tu, "Mama, roho yangu haikai." Mama yake, Bun-i, aliwaambia watu kwamba mtoto yule amezaliwa na nyota ya farasi wa safari, na nyota hiyo haina dawa.

Mimi nilikuwa nauza dagaa wakavu katika soko la Yeongju. Kibanda changu kilitazamana na mashine ya mchele alikofanya kazi, kwa hiyo nilimwona kila siku iendayo kwa Mungu, akitoka na kuingia, akitoka na kuingia, kama mlango usio na komeo.

Mashine ilikuwa ya Bibi Pyo, mjane mnene ambaye soko zima lilimwogopa. Walisaga mchele, wakaupika kwa mvuke, wakatengeneza mikate ya mchele ya sherehe na ya matambiko. Mikate hiyo haina akiba: leo laini, kesho jiwe. Kwa hiyo kabla hujawasha mashine lazima ujue siku, na ukishajua siku, ujue saa. Nusu ya kazi pale ilikuwa kuuliza.

"Kwanza tambua mkate ni wa nani," Bibi Pyo alimfundisha alipomwajiri akiwa bado msichana. "Kama ni wa mtoto, uliza saengil yake, siku ya kuzaliwa, ni lini. Kama ni wa mzee, siku hiyo huitwa saengsin. Ukimwuliza mtu wa miaka sabini kwa neno la mtoto, umemvua kofia mbele za watu. Na mwisho wa swali shusha sauti, usiipandishe kama mdai."

"Na mkate wa tambiko, Bibi?"

"Hapo ndipo wajinga hujulikana. Usithubutu kusema 'alikufa lini.' Kuku hufa. Mtu mzima hurejea. Unasema: marehemu alirejea siku gani? Halafu unanyamaza. Mwache mwenye msiba ahesabu vidole vyake."

"Na saa?"

"Saa huulizi moja kwa moja, wewe si askari. Unasema: tuulete wakati gani tusiwasumbue? Watakutajia saa wenyewe."

Pil-sun aliyashika mafundisho hayo kuliko alivyoyashika mengine yote ya dunia. Miguu yake haikutulia, lakini ulimi wake ulitulia kabisa. Wazee wenye ndevu na kofia za manyoya ya farasi walitoka vijiji vya mbali kuja kuagiza kwake, kwa sababu alivyouliza tarehe, mtu alijiona ameheshimiwa hata kabla mkate haujaiva.

Siku aliyoshindwa kuijua ilikuwa ya kwao.

Baba yake, Ma Deok-chil, alipanda treni kwenda milima ya makaa ya mawe Pil-sun akiwa na miaka sita. Miaka mitatu baadaye, wakati wa vuli, mtu alitokea uani kwao amevaa koti lenye vumbi jeusi. Hakutaka kukaa wala kunywa maji. Alisema shimo limeporomoka, Deok-chil yumo ndani, mwili haupatikani. Akainama, akaondoka. Bun-i alibaki ameduwaa. Akili ilipomrudia alikimbia hadi stesheni amwulize ilikuwa siku gani, akakuta treni imeshaondoka. Kilichobaki ni jina alilojitambulisha nalo yule mtu: Tak Man-su. Mwaka uliofuata Bun-i alipanda huko milimani kuuliza, akaambiwa mgodi ule umefungwa na watu wake wametawanyika.

Kwetu tambiko hufanywa siku ileile mtu aliyorejea. Asiyejulikana siku yake hupangiwa meza siku ya tisa ya mwezi wa tisa, siku moja na waliopotea vitani na baharini. Ndivyo Bun-i alivyofanya mwaka nenda mwaka rudi. Pil-sun alimsaidia kupika, akapanga matunda, na ikifika wakati wa kuinama anainama mara moja na nusu na kutoka nje.

Aliwahi kuniambia, "Dada, ni kama kumwita mtu kwa jina la mtu mwingine. Ataitika vipi?"

Sasa sikiliza. Masika moja ya miaka ya themanini, Pil-sun akiwa ameshavuka thelathini, alikuja mashineni mke mmoja kijana aitwaye Ok-ran, mtoto mgongoni.

"Nataka mikate ya kutosha uwanja mzima," alisema. "Baba mkwe wangu anatimiza sabini."

"Hongereni, mama," Pil-sun alijibu, huku anafagia, anafunga gunia, anafukuza paka. "Saengsin ya mzee ni lini?"

"Jumamosi ijayo tunasherehekea."

"Tuilete wakati gani tusiwasumbue?"

"Si hapa, dada yangu. Mzee yuko Dogye kwenye makaa. Nitaipeleka mwenyewe kwa treni, sijui nitabebaje na huyu mgongoni."

"Na kwenye sanduku tuandike jina gani la heshima?"

"Andika Tak Man-su."

Nilikuwa nje napepeta dagaa. Kilichonifanya niinue kichwa si jina. Ni ule ukimya. Ufagio ulikuwa umesimama. Pil-sun alikuwa amesimama, miguu yote miwili chini, kama mti.

"Mzee Tak aliwahi kufanya kazi mgodini?" aliuliza polepole.

"Maisha yake yote. Mapafu yamekwisha."

"Basi usijisumbue, mama. Mikate nitaileta mimi."

Ok-ran alipoondoka akishukuru, Bibi Pyo alitoa kichwa kwenye mvuke. "Tangu lini mashine yangu inapeleka mikate Dogye?"

"Tangu leo, Bibi."

Jioni alinijia kibandani. Alinieleza yule mtu ni nani, akaniomba niende naye. "Nikienda peke yangu nitashuka njiani, Dada. Najijua." Yeye hakumwambia mama yake neno. Alisema asimpe tumaini halafu arudi mikono mitupu.

Tuliondoka Jumamosi saa moja asubuhi na masanduku manne yaliyofungwa kwa vitambaa. Njia nzima hakuketi. Nilikaa mimi, yeye akasimama kwenye njia kati ya viti, anashika hapa, anaachia pale, midomo inacheza.

"Unasali?" nilimwuliza.

"Napanga swali. 'Mzee, nisamehe kwa kugusa jambo zito siku ya furaha yako...' Au nianze na hali ya mapafu?"

"Anza na salamu kama binadamu wengine."

"Unanicheka."

"Sikucheki. Kaa chini, unawatia watu kizunguzungu."

Kabla ya Dogye mlima ni mkali mno, na treni hulazimika kushuka kwa kurudi kinyumenyume kipande kizima. Abiria wa huko hata hawainui macho. Pil-sun alishika chuma kwa mikono miwili. "Hata treni inaogopa," alisema.

Nyumba ya Mzee Tak ilikuwa juu ya kijito chenye maji meusi. Uani walitandika mikeka, wakapanga matunda kama minara mbele ya mzee. Alikuwa mwembamba, macho mazuri, kikohozi kibaya. Watoto na wajukuu waliinama wawili wawili, pombe ya mchele ikazunguka. Pil-sun alifungua masanduku, akakata mikate, akagawa sahani, akagawa tena kwa waliokwisha kupata. Mara tatu alimkaribia mzee.

Mara ya kwanza aliuliza, "Mzee, saengsin yako hasa ni leo, au ilitangulia?"

"Ilikuwa Jumanne, binti. Lakini wanangu wana kazi, kwa hiyo nimezaliwa Jumamosi." Watu wakacheka. Pil-sun akainama akarudi kwangu.

Mara ya pili: "Na umri wako wa heshima, mzee, umefika...?"

"Si sabini? Mkate umeuleta mwenyewe!" Wakacheka zaidi. Ok-ran alimtazama kwa mshangao kidogo.

Mara ya tatu alimwuliza sasa ni saa ngapi. Mzee alitazama saa yake ya mkononi, akajibu kwa adabu kwamba ni saa saba na robo, akamkazia macho. Alikuwa ameshaona kwamba mleta mikate huyu ana jambo.

Wageni walipopungua, mzee aliinuka akaenda kukaa kwenye kibaraza cha nyuma apate hewa. Nilimsukuma Pil-sun mgongoni. Alikwenda, na mimi nikasimama kwenye pembe ya ukuta. Hapo niliona nisichowahi kuona: alipiga magoti, akaketi juu ya visigino vyake, akakunja mikono, akatulia.

"Mzee, naitwa Pil-sun. Mimi ni binti wa Ma Deok-chil wa Yeongju."

Uso wa mzee ulikwisha rangi. Hakukohoa hata.

"Nisamehe kwa kugusa jambo zito siku kama hii," aliendelea, na sauti akaishusha mwishoni kama alivyofundishwa. "Baba yangu alirejea siku gani?"

Machozi yakamtoka mzee.

"Hakurejea, binti," alisema. "Nilimwambia arejee. Kila mwaka nilimwambia: Deok-chil, rudi kwako, mkeo hajaolewa, mtoto anakua. Alikataa. Amekataa mpaka anakata roho mikononi mwangu. Mimi ningefanya nini?"

Neno ni moja tu, hilo la kurejea. Pil-sun aliuliza siku ya kifo, na mzee, kwa jinsi jambo lile lilivyomkaa kooni, akasikia anaulizwa siku ya kurudi nyumbani. Nilimwona Pil-sun akilichambua lile jibu polepole.

"Kila mwaka?" alisema. "Mwaka gani? Shimo si liliporomoka?"

Ndipo mzee alipofahamu kwamba binti alikuwa hajui lolote, na kwamba amelisema mwenyewe. Akaeleza yote. Shimo liliporomoka, kweli. Walimtoa Deok-chil siku ya pili, hai, mguu umesagika, nusu ya uso imeungua. Alipojiona kwenye maji ya beseni alimwomba rafiki yake jambo moja: nenda Yeongju ukaseme nimekufa. Bun-i ni kijana, atapata mume mwenye miguu miwili. Tak alikataa, wakagombana, mwisho akaenda. Bun-i hakuolewa. Deok-chil akaishi juu ya kilima kilicho nyuma ya nyumba hiyo, akichonga mipini ya sururu na kushona viatu vya wachimbaji, zaidi ya miaka kumi.

"Alijua kwamba tunamwinamia?" Pil-sun aliuliza. Sauti haikuwa tena na adabu wala utovu wa adabu. Ilikuwa tupu.

"Alijua. Mwaka mmoja alinituma nikachungulie. Nilipita mbele ya nyumba yenu tisa ya mwezi wa tisa, mlango ulikuwa wazi. Niliporudi aliniuliza: wamempikia nini marehemu? Nikamtajia. Akasema, hata pweza hakuna? Tambiko gani la Yeongju lisilo na pweza? Akacheka, binti. Halafu akalala siku mbili bila kula."

Pil-sun aliinuka. Hakuinama, hakuaga. Alipita uani katikati ya mikeka, akateremka kijitoni, nami nyuma yake nimeshika viatu vyangu mkononi. Alitembea kwa kasi kando ya reli kwenda upande usio na stesheni.

"Pil-sun! Unakwenda wapi?"

"Sijui! Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, Dada! Nilikuwa nasaga mchele, na yeye yuko hapa, mwendo wa treni wa asubuhi moja, anauliza habari za pweza!"

Nilimwacha atembee. Alipochoka aligeuka, akakuta Mzee Tak anatufuata kwa mbali, anasimama, anakohoa, anafuata tena. Alimngojea. Nadhani ni kikohozi kile kilichomfanya angoje.

Mzee alitupandisha kilimani hadi kwenye kaburi dogo, tuta la majani yaliyokatwa vizuri. Aliyakata yeye mwenyewe kila mwaka. Pil-sun hakulisujudia. Alilizunguka mara kadhaa, akirusharusha mawe pembeni. Kisha akasimama mbele ya mzee.

"Sasa niambie, mzee. Alikufa lini?" Alisema alikufa, kama kuku.

"Mwezi wa pili wa kalenda yetu ya zamani, siku ya kumi na sita, mwaka wa chui milia kwa hesabu yetu ya wanyama. Alfajiri, saa ya sungura, kabla watu wa zamu hawajashuka shimoni."

Alirudia maneno hayo kwa midomo. Mwisho akamwinamia mzee, kidogo tu, tukaenda stesheni.

Nyumbani Bun-i alikuwa anachambua mchicha. Pil-sun alimwambia yote kwa mkupuo, amesimama. Mama alisikiliza hadi mwisho, akaendelea kuchambua. Alipozungumza, aliuliza, "Alikuwa anavaa nini wakati wa baridi?"

"Sikuuliza, Mama."

"Umeuliza mambo yote hukuuliza hilo?" Kisha akatupa mchicha chini. "Miaka yote hiyo! Nimemwinamia mtu aliye hai, anakula, anavuta sigara, anashona viatu vya watu! Viatu! Mimi vyangu nilitia kamba!" Akacheka mpaka nikaogopa, akaingia ndani, akalala amegeukia ukuta. Majirani tulimpelekea uji, ukapoa.

Wiki mbili zikapita hivyo. Asubuhi moja akavaa nguo zake nyeupe, akatuambia twende Dogye. Mzee Tak alitupokea stesheni amejikunja kama mshitakiwa. Bun-i hakumjibu salamu yake. Alipanda kilima kwa mwendo wa msichana, akafika kwenye kaburi.

Wake wa umri wake walizungumza na waume zao kwa maneno ya juu, yenye heshima, hata katika ugomvi, hata mbele ya jeneza. Siku ile Bun-i alitumia ya chini, yale ya kumwitia mtoto au mbwa.

"Wewe! Ulidhani mimi niliolewa na mguu? Nani alikuuliza? Ungekuja unachechemea, ningekupiga, tungekula. Mjinga wewe. Mjinga!" Alilipiga lile tuta kwa kiganja, kofi baada ya kofi, kama mtu anayemwamsha mlevi. Alipochoka alikaa hapo hapo, akaanza kung'oa majani yaliyosahauliwa na mundu.

Mzee Tak alipiga magoti nyuma yake. "Nilisema uongo nyumbani kwako, mama. Sina cha kusema."

Bun-i hakugeuka. Lakini alipomjibu, maneno ya juu yalikuwa yamerudi. "Mzee, ulimfumba macho alipokata roho?"

"Nilimfumba."

"Basi mwakani mwezi wa pili uje nyumbani. Siku unaijua."

Alikuja. Bun-i alipanga meza jioni, giza likiingia, akisema walio hai wana kazi kesho. Siku moja kabla, majirani walimwuliza kama safari hii ataweka pweza. "Pweza wa bei ile? Akale makaa ya mawe!" alijibu, na asubuhi yake nikamkuta kwa wauza samaki anabishana juu ya pweza mkubwa kuliko wote sokoni.

Mzee Tak aliinama huku anakohoa. Bun-i aliinama. Pil-sun alipika kila kitu kilichokuwa mezani, lakini hakuinama. Alisimama kizingitini, bega kwenye mlango, mguu mmoja unapigapiga sakafu, na mama yake hakumlazimisha. Mwaka wa pili ilikuwa vilevile. Kati ya miaka hiyo miwili aliacha kazi kwa Bibi Pyo mara mbili na kurudi mara mbili, akahamia Andong msimu mmoja, akarudi. Nilidhani kuijua ile siku kungemtuliza. Ulimi ndio uliobadilika: wazee walilalamika kwamba siku hizi binti wa mashine anawauliza tarehe kwa haraka.

Mzee Tak alifariki majira ya baridi ya mwaka huo. Ok-ran alikuja mwenyewe kuagiza mikate ya msiba. Pil-sun aliacha alichokuwa anafanya, akamkalisha, akamletea maji ya moto.

"Pole, mama," alisema. "Mzee alirejea siku gani?" Akanyamaza, akamwacha ahesabu vidole.

Mwezi wa pili ulipofika, meza ilikuwa na pengo upande aliozoea kuinama mzee. Nilikuwa jikoni, nasikia Bun-i anamimina pombe kwenye bakuli la shaba. Nilipochungulia, Pil-sun alikuwa ametoka kizingitini. Alisimama mahali pale pa mzee, akaweka viganja sakafuni, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akakaa hivyo muda mrefu mpaka mama yake akamgusa bega.

"Inuka," Bun-i alisema. "Mchuzi unapoa."

Akainuka, akachukua bakuli lake, akaenda kula mlangoni.